Kipira cha Mashine ya Baba

Nyumba ya Bwana Kificho,
Malindi, Mjini,
Unguja.

11 Machi 1957

Kwa kaka yangu mpendwa Simai,

Shikamoo. Assalaam alaykum, wewe na wote mnaoishi nyumba moja huko Tanga. Natumai karatasi hii itakukuta una afya, wifi yangu Kidawa ana afya, na mtoto Jaku kifua kimemwachia. Uliandika kwamba anakohoa tangu mvua za vuli. Tafadhali nijulishe anaendeleaje, maana mama huniulizia mjukuu wake kila nikikanyaga kisiwani Tumbatu.

Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mola. Mama goti linamsumbua, lakini hataki mtu amshikie mchi. Baba mzima, ila mvi zimeenea mpaka kwenye nyusi. Mume wangu Kificho yuko na kazi yake ileile ya kupiga chapa, na kucha zake hazitakati kwa wino hata azisugue kwa ndimu. Mimi nashona kofia, nikimaliza moja naanza nyingine, na macho bado yananitii.

Shaabani imeandama. Darajani watu wameanza kununua tende kwa ajili ya mfungo, na joto la mwisho wa kaskazi limetukalia hata paka wa Malindi hawafukuzani tena.

Kaka, baada ya salamu nina mambo mawili. La kwanza ni kosa langu. La pili ni habari ya baba, nayo ina haraka. Lakini huwezi kuielewa bila ya kulijua lile la kwanza. Kwa hiyo nakuomba ukae, uisome barua yote kama ilivyo, na ukikasirika njiani usiitupe kabla hujafika mwisho.

Nianze na ile mashine ya baba ya kufunga nyuma ya mashua, aliyoinunua kwa yule Mzungu mpima ardhi alipokuwa anarudi kwao. Najua hupendi hata itajwe. Ilikuwa imezeeka tangu siku ya kwanza ilipofika Tumbatu, rangi imebanduka na mkono wa usukani umefungwa waya, lakini baba aliipenda kama mtoto wake wa mwisho. Wewe ndiye pekee aliyekuruhusu kuishika.

Siku ya ajali nilikuwa pwani ya kwetu Jongowe pamoja na mama, tukingoja mashua irudi kutoka Mkokotoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuoneni mmefika katikati ya mkondo, watu kumi na mmoja na wewe nyuma kwenye tezi, halafu tukaona moshi. Mashine ikanyamaza. Mkondo ukakuchukueni ukakupigeni kwenye mwamba, ubao ukapasuka, na Bi Sichana, yule msuka mikeka, akauangukia mkono wake. Ngalawa zilitoka mbio, na alhamdulillahi hakufa mtu. Lakini mkono wa Bi Sichana uliunga vibaya, na mpaka leo haunyooki.

Nilikuwa nimesimama karibu sana nanyi baba alipokukaripia mbele ya watu wote. Alisema umeiua mashine yake kwa kuikimbiza ili uonekane. Wewe ukasema, "Baba, nilipotazama, maji yalikuwa hayatoki." Naye akakupigia ukelele: "Usinijibu! Niondokee machoni!" Siku ya tatu ukaondoka. Mama alivuka kukukimbilia hadi Mkokotoni na kikapu cha muhogo, akakuta gari imeshakwenda.

Tangu siku hiyo baba hakuigusa ile mashine. Aliifunga gunia, akaitia kwenye banda la makuti, akarudi kwenye tanga na makasia. Ilikaa humo miaka sita.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama. Siku ya kurudi mjini baba akaitoa mashine bandani, akaitua miguuni pangu, akasema, "Wanu, ichukue hii. Wapo mjini wanaonunua vyuma vibovu, wape. Sitaki Ramadhani iikute hapa."

Nikaitikia "Naam, baba," nikaivusha mpaka Mkokotoni, nikaipandisha juu ya gari pamoja na magunia ya mbata. Njia nzima nilikuwa naisikia ikigongagonga juu ya kichwa changu. Tulipofika mjini nilikuwa nshaamua kwamba sitaiuza mpaka nijue ilikufa kwa nini.

Kificho alipoikuta uani alidhani nimeugua. Nilimwambia nataka fundi aifungue, na nataka niwepo akiifungua. Alisema watu watatucheka, mke wa mtu kukaa na mashine ya baharini. Nikamjibu kwamba uani ni kwangu, na mashine ni ya baba yangu, na wanaotaka kucheka wagonge mlango kwanza. Siku ya tatu alirudi kazini na Fundi Msabah.

Huyu Fundi Msabah ni mtu wa Kikwajuni. Wazee wake walitoka bara, Unyamwezini, naye alizaliwa hapahapa. Hutengeneza malori, na ndiye anayeitwa mashine ya chapa ya akina Kificho ikigoma. Ni mtu mzito wa kusema. Alikuwa akija kwetu baada ya sala ya alasiri, anavua viatu mlangoni, anatandika gunia, anakaa.

Kwanza alijaribu kuizungusha, ikakataa kabisa. Akafungua plagi, akamimina humo mafuta ya mashine yaliyochanganywa na mafuta ya taa, akasema tuiache inywe. Ikanywa siku nne. Siku ya tano alivuta kamba taratibu, chuma kikasogea kwa upana wa kidole, na mimi niliyekuwa jikoni nikaisikia sauti yake. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Haijafa," alisema. "Pistoni imekwaruzika ubavuni. Itapiga kelele, lakini itakwenda. Sasa tutazame kilichoiunguza."

Akaulaza mguu wa mashine, akafungua skrubu za chini juu ya rafadha, zile panga zinazosukuma maji. Skrubu mbili zilikatika kwa kutu. Ndani kuna kikombe cha shaba, na ndani ya kikombe hukaa kipira kidogo chenye mabawa sita, umbo lake kama ua la mlangilangi. Hicho ndicho kinachozunguka na kuyavuta maji ya bahari yapande juu kuipoza mashine. Wewe unakijua, mimi nilikuwa sijapata kukiona. Katika mabawa sita yalikuwa yamebaki mawili. Mengine yalikuwa yamegeuka unga mweusi, na upande mmoja wa kipira ulikuwa umeyeyuka ukagandana na shaba.

Fundi Msabah alikigeuzageuza kwa ncha ya bisbisi, kisha akaniuliza, "Mashine hii ilimfia nani?"

"Kaka yangu."

"Basi kaka yako alipokea maiti. Mpira huu haukuliwa na mchanga wala chumvi. Ulizungushwa mkavu, pasi na tone la maji, ukaungua. Baada ya hapo mtu yeyote angeitia baharini, ingemfia."

Nilimwita Kificho atoke uani asikie.

Kaka Simai, niliyeizungusha kavu ni mimi.

Ilikuwa siku moja kabla ya ajali. Nyote mlikuwa mmekwenda khitma ya Gomani, nami nimeachwa nyumbani. Wewe uliiacha mashine ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba ili chumvi itoke. Mwaka ule maji yalikuwa ya shida, unakumbuka, na mimi nilikuwa nimeyachota yale ya pipani ndoo baada ya ndoo nikasugulia masufuria, mpaka pipa likabaki tupu. Wakaja shoga zangu wawili. Wakasema mashine ile hawezi kuiwasha mtu ila Simai. Nikasema mimi naweza.

Iliwaka kwa mvuto wa tatu. Waliimba na kucheza nyimbo mbili kamili nayo inanguruma. Halafu nikasikia harufu kama ya mpira wa baiskeli uliotiwa motoni, nikafunga petroli. Shoga zangu walipoondoka nilikwenda pwani mara saba, nikalijaza pipa maji ya bahari mpaka pale lilipokuwa asubuhi.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua. Kweli, sikujua kuwa ndani mna kipira, wala kwamba kikikosa maji kinaungua. Lakini kama nilikuwa sijui kabisa kwamba nimefanya baya, kwa nini nilijaza pipa? Na pale pwani, baba alipokupigia ukelele, nilikuwa na harufu ile puani. Nilifungua mdomo. Baba alikuwa na hasira ambayo sijapata kuiona, nikaogopa, nikaufunga. Nikasema nitamwambia kesho akishatulia. Kesho ikapita, keshokutwa ukawa umeondoka, na kila siku iliyopita baada ya hapo ikafanya neno liwe zito zaidi kulitoa.

Sikuandikii haya ili unionee huruma kwamba nilikuwa mtoto. Umekaa miaka sita ugenini kwa kosa langu. Umeoa sisi hatupo. Umepata mtoto, na baba yako hajamshika. Mimi niliolewa, nawe ukaniandikia barua ya kunipongeza na kuniombea dua, nikaisoma mbele ya watu nikitabasamu. Usiku wake sikula.

Nilimweleza Kificho yote mbele ya Fundi Msabah, palepale. Hapakuwa na haja tena ya kuchagua wa kusikia. Kificho akaniuliza, "Utamwambia baba?" Nikasema nitamwambia, na nitamwambia mbele ya watu, kwa kuwa kaka yangu alifukuzwa mbele ya watu. Lakini sitakwenda mikono mitupu. Mashine niliiua mimi, na nitaipeleka ikiwa hai.

Kificho akasema, "Basi tufanye kazi." Tangu hapo hakutaja kuchekwa.

Kipira chenyewe hakikupatikana. Kificho alizunguka maduka ya mjini. Mwenye duka mmoja alicheka, akasema mashine za namna ile hata Uingereza wameacha kuziunda. Fundi Msabah akasema basi tutakikata wenyewe. Alianza na tairi la lori. Likawa gumu, lina nyuzi ndani, na lilipoingia kwenye kikombe halikuzunguka hata kwa nguvu. Akajaribu mipira ya ndani ya baiskeli, akiigandisha mmoja juu ya mwingine kwa gundi. Hiyo ikajikunja kama kitambaa kibichi. Akakaa akikuna ndevu. Siku ya pili alikuja na donge la mpira alilolitoa kwenye lori bovu, lile linalowekwa chini ya injini ili isitingishike. Si gumu na si laini. Ila vidole vyake ni vinene, na kila akikata bawa, linakuja nene huku na jembamba kule.

Nikamwambia, "Fundi, nipe mimi."

Unajua kazi ya kofia, kaka. Kofia huanza na karatasi iliyokunjwa sawasawa, ukikosea mkunjo mmoja umekosea yote. Nilikiweka kile kipira cha zamani juu ya karatasi, nikakitafutia mabawa yaliyopotea kutokana na yale mawili yaliyobaki, nikaikunja karatasi sehemu sita. Kisha nikachukua wembe. Fundi alinifundisha kuuchovya kwenye maji ya sabuni kila baada ya mkato, vinginevyo mpira unaung'ang'ania. Kipira cha kwanza nilikiharibu bawa la tano. Cha pili nilikikata kikamilifu, nikakitia katikati tundu lililokwenda upande. Nilijikata kidole gumba, nikakifunga kitambaa, nikaendelea. Mama mkwe alipita akaona damu kwenye sabuni, akaniuliza kama baba yangu hana mafundi. Nikamwambia anao, na mimi ni mmoja wao.

Cha tatu kilitoka. Fundi Msabah alikisugua kwa msasa, akakitia katikati kile kiini cha shaba alichokitoa kwenye kile cha zamani, akakishikiza kwa pini mbili ndogo. Kukiingiza kwenye kikombe alinipa mimi. Unakipaka sabuni, unakisukuma huku unakizungusha, mabawa yote yalalie upande mmoja. Kilikaa.

Tukaisimamisha mashine ndani ya pipa uani. Safari hii nililijaza maji mwenyewe mpaka yakamwagika. Kificho akavuta kamba. Iliwaka mvuto wa sita, moshi ukajaa nyumba nzima na majirani wakafungua madirisha. Lakini kile kitundu cha nyuma kinachotema maji kilibaki kikavu.

Fundi aliizima mara moja. Nilikaribia kulia, nasema kweli. Yeye akasema, "Usilie, tuangalie." Akaufungua tena mguu, akavuta ule mrija wa shaba unaopandisha maji. Ulikuwa umeziba chumvi ngumu kama jiwe. Tuliulaza kwenye siki usiku na mchana, halafu nikauchokonoa kwa spoku ya baiskeli asubuhi nzima, chumvi ikitoka vipande vipande. Jioni tukaivuta tena. Iliwaka, ikakohoa, kisha kitundu kikatema matope mekundu, kisha maji meusi, kisha maji meupe yaliyoruka yakaniroweshea kanga mpaka kifuani. Fundi Msabah, mtu asiyecheka, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaiacha iwake kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, kila mara akigusa kichwa chake kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu tu.

Alhamisi iliyopita Kificho aliomba ruhusa kazini, tukapanda gari ya Mkokotoni, mashine imeviringwa mkeka.

Baba alikuwa pwani na mashua yake, anangoja abiria watimie. Miongoni mwao alikuwamo Bi Sichana, ametoka kuuza mikeka yake. Baba akamwona Kificho anateremsha mzigo, akaujua kwa umbo lake.

"Umeirudisha?" akaniuliza. "Hata wanunua vyuma hawakuitaka?"

"Sikuwapelekea, baba. Imetengenezwa. Lakini kabla hujaigusa, nna neno, na nataka wote waliopo walisikie."

Nikamweleza. Nilieleza kama nilivyokueleza wewe: masufuria, shoga zangu, nyimbo mbili, harufu, na mara saba nilizokwenda kuchota maji ya bahari. Nikakitoa kile kipira kilichoungua kwenye pindo la kanga, nikakiweka kiganjani mwake. Nikamaliza kwa kusema, "Simai hakuiua mashine yako. Niliiua mimi, na nikakuacha umfukuze."

Baba alikitazama kile kipira. Nilingoja anipige, na ningepokea.

Aliyesema wa kwanza ni Bi Sichana. Alinyoosha mkono wake uliopinda, akamwambia baba, "Jecha, mkono uliovunjika ni wangu, na mtoto huyu nshamsamehe hapahapa. Lakini mwanao hakuwepo kusikia." Kisha akainua kanga yake, akaingia majini, akapanda mashuani kabla ya mtu mwingine, akaketi tezi palepale mashine inapofungwa.

Baba akamwambia Kificho, "Ifunge."

Abiria wengine walisitasita, wakapanda. Nilivuta kamba mimi mwenyewe. Baba akashika mkono wa usukani, tukatoka. Alikwenda polepole sana. Hakutazama mbele, hakutazama Tumbatu. Njia nzima alitazama kile kitundu kinavyotema maji. Tulipofika usawa wa ule mwamba aliupeleka mkono wake chini ya yale maji, akauacha hapo, yakawa yanapita kati ya vidole vyake.

"Aliniambia maji hayatoki," akasema. Hakuwa akisema nami, wala na mtu yeyote. "Aliniambia. Nami nikamwambia asinijibu."

Tulipofika hakula. Ijumaa aliporudi msikitini aliniita, nikaenda nikakaa mbele yake. Alisema, "Kosa lako nimelisikia. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima." Nilimuuliza kama nikuandikie, nikuombe urudi. Akatikisa kichwa.

"Usimwandikie. Nilimwambia aondoke mbele ya watu. Ntakwenda kumwambia arudi mbele ya watu wake."

Sasa nimefika kwenye lile jambo la pili, kaka. Baba anakuja Tanga. Ataondoka na meli ya Jumamosi hii, na inshallah atafika Jumapili asubuhi. Hajapata kuvuka kupita Pemba. Njia ya kwako haijui. Anacho kikaratasi tu chenye jina la karakana ya reli unakofanya kazi, alichomwandikisha mwalimu wa chuo cha Kurani. Amekataa asindikizwe. Barua hii inaondoka na posta ya kesho bila ya yeye kujua, na ni mara yangu ya kwanza kumkaidi tangu nimwambie ukweli. Sikutaka akukute kazini mbele ya wenzako, ukadhani mama amekufa.

Kwa hiyo nakuomba, nenda bandarini mapema, uende na Jaku. Usingoje aulize njia kwa watu. Utamjua kwa kanzu mpya iliyokunjamana, na atakuwa ameshika mfuko wa ukili aliojaza mama pweza mkavu, mzito kuliko inavyofaa kwa umri wake. Mpokee mfuko kwanza.

Ama mimi, sikuombi unijibu upesi. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, ni haki yako, nami nitangoja mpaka utakapoona inatosha. Na ukiamua kubaki Tanga kwa kuwa maisha yako yako huko sasa, hapana atakayekulaumu. Lakini katika nyumba ya Jongowe chumba chako kimeshafagiwa, na hilo si mimi niliyelifanya.

Nisalimie wifi Kidawa, mwambie kofia ya Jaku inakuja na baba. Mbusu Jaku machoni kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, anasema ukija uje mchana akuone vizuri. Kificho anakusalimu, na Fundi Msabah, usiyemjua, ameniambia nikuandikie jina lake. Bi Sichana anakusalimu zaidi ya wote.

Na moja zaidi, kabla sijafunga. Baba akikuona huenda asiseme kitu kwa muda mrefu. Usimwondokee, mvumilie. Tangu Ijumaa anajizoeza maneno peke yake nyuma ya nyumba. Mama anamsikia. Anaanza vizuri kila mara, anasema alichokusudia kusema; akifika kwenye jina lako ndipo anapokwama, anaanza tena upya.

Mwenyezi Mungu akulinde, akuvushe kheri kwenye Jumapili hiyo, na akutie moyo wa kupokea.

Mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekuomba radhi,

Wanu binti Jecha